Miguu Kwanza

Mlango wa mbele wa nyumba ya mama yangu, pale Kihesa, ulikuwa na jiwe lake. Halikuwa la kuufungia, lilikuwa la kuuacha wazi. Upepo wa Iringa hauna adabu, na mlango usiozuiwa hubamiza ukuta mpaka plasta inadondoka, kwa hiyo kila asubuhi mama alitoka jikoni na kikombe chake cha chai, akalisukuma jiwe kwa mguu mpaka likakaa chini ya ubao. Jioni alilisukuma tena kulirudisha pembeni. Jiwe lilikuwa limelainika upande mmoja kwa sababu ya unyayo wake.

Majirani hawakupiga hodi. Ama tuseme walipiga, lakini wakiwa wameshafika jikoni na wameshafunua sufuria. Jirani wa upande wa chini, mjane anayeuza maharage sokoni, alikuwa hodari kwa hilo. Unasikia "kamwene" yake, salamu ya Kihehe, unageuka, tayari ana hindi la kuchemsha mdomoni. Mama anamwambia, "Hodi yako imechelewa, mwenzangu." Naye anajibu, "Hodi ni ya wageni." Walirudiana maneno hayo hayo miaka nenda rudi, na kila mara walicheka kama ndiyo kwanza wameyabuni. Jumamosi asubuhi na mapema jumuiya ya kanisa ilisali sebuleni kwetu, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini iwe kwetu. Mlango ulikuwa wazi, watu wakaingia.

Naanza na jiwe kwa sababu habari yangu yote inaishia kwenye mlango huo. Mimi ni nesi. Woga niliupata kazini, mbali kabisa na Kihesa, halafu nikauleta kwa mama yangu.

Kila ninayemsimulia huuliza kama ilikuwa usiku. Watu wanapenda iwe usiku, maana mchana wanataka waendelee kuutumia. Haikuwa usiku. Ilikuwa Jumapili mchana, jua la Usangu limesimama kichwani, na malori yakipita barabara kuu kwenda Tunduma. Nilikuwa kwenye kituo cha afya upande wa Igawa. Wagonjwa wetu walikuwa wakulima wa mpunga, na wafugaji waliohamia kutoka kaskazini, ambao walituletea watu wao kwa mikokoteni ya ng'ombe kutoka huko ndani ambako hata bodaboda haziendi. Zamu ile tulikuwa wawili, mimi na mkunga, binti mdogo kwangu na mcheshi kupita kiasi, wa aina ile anayemchekesha mama mwenye uchungu mpaka mama anamtukana. Mlinzi alikuwa amekwenda kula. Sijawahi kumlaumu, kwani hata mlinzi ana tumbo.

Tukasikia hodi, na sauti ya mwanaume: "Sista, tuna mgonjwa!"

Wanaume wanne walikuwa wamembeba mwenzao kwenye blanketi, kila mmoja ameshika pembe yake. Aliyebebwa alikuwa amefunikwa kitenge mpaka usoni, anatetemeka. Nikafungua milango yote miwili. Nilikimbia, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Niliwakimbilia na kitanda cha magurudumu, huku nawaambia poleni, poleni, mlazeni hapa.

Nilipoinama kumfunua nikaona miguu yake.

Katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kuona mgonjwa wa kubebwa akija na viatu viwili. Anakuja miguu mitupu, au na ndala moja, nyingine imeanguka njiani na hakuna aliyekuwa na akili ya kuiokota. Ukiugua kwa ghafla hakuna anayekukumbuka miguuni. Huyu alivaa raba, na kamba zake zilikuwa zimefungwa vizuri sana, kwa mafundo. Niliziona, nikaelewa, na kabla sijanyanyuka mgonjwa akakaa kitako akiwa na panga.

Sitasimulia yote. Walichukua simu zetu, mashine ya presha, betri ya sola na dawa walizoweza kubeba. Mkunga alipigwa kofi akaanguka kwenye beseni. Mimi nilishikwa shingoni, bapa la panga likilala chini ya sikio langu, baridi kabisa katika joto lile. Wodini alikuwamo mama mmoja na mtoto wake mwenye dripu. Yule mama alimziba mtoto mdomo kwa kiganja na kuniangalia tu, wala hakupiga kelele. Walipomaliza waliondoka wakitembea. Wa mwisho aligeuka mlangoni akasema, "Asante, sista," kama wasemavyo watu wakishapewa vidonge vyao.

Mganga mfawidhi, bosi wetu, alifika jioni. Alisema poleni, halafu akauliza mashine ya presha ilikuwa ya rangi gani. Baadaye akaja mtaalamu wa ushauri kutoka mjini, akatukalisha mduara kwenye viti vya plastiki, akatuambia tufumbe macho na tuvute pumzi taratibu. Sikufumba. Nikamtazama mkunga, naye hakuwa amefumba. Sote wawili tulikuwa tunaangalia mlango. Mtaalamu alipofumbua yake akatusifu kwamba tunaendelea vizuri, tukapewa soda.

Hatukuwa tunaendelea vizuri. Polisi akisikia neno "mwizi" anashtuka, sawa, ndiyo kazi yake. Mimi nilishtuka nikisikia "mgonjwa". Ikiitwa tu pale nje, "tuna mgonjwa", jasho linanitoka na mikono inakuwa mizito. Mshipa ambao zamani niliupata nimefumba macho nikawa nautafuta mpaka mtoto analia na mama yake ananikata jicho. Nilikuwa nimesomea kuwakimbilia watu hao hao. Sasa kila aliyebebwa, kabla sijamwangalia uso, kabla sijagusa paji lake, nilimwangalia miguu. Wenye miguu mitupu niliwapenda. Nilipoona unyayo wenye matope na nyufa, moyo ulitulia, nikaweza kufanya kazi.

Halafu wakamleta mzee mmoja mfugaji, amelala kwenye mkokoteni juu ya majani. Wanawe walikuwa wameona aibu kumpeleka baba yao hospitali kama mtu asiye na watu, kwa hiyo kabla ya kuondoka nyumbani walimwosha, wakamvalisha koti, na wakamvisha viatu vyake vya kanisani, vyeusi, vimepigwa rangi. Ilikuwa heshima yao kwa baba. Mimi kupitia nondo za dirisha niliona viatu tu. Viwili, vimefungwa kamba.

Sikufungua. Niliwauliza wanatoka wapi, wakajibu. Nikawauliza tena. Kijana wao mkubwa akasema, "Daktari, mzee anakufa hapa." Nikamwambia amvue viatu kwanza. Akaniangalia. Akamvua baba yake viatu pale juani, mbele ya watu, taratibu, akavipanga kwenye majani ya mkokoteni, na ndipo nilipofungua.

Mzee alipona. Alikuwa na malaria kali, tukamtundikia dawa, na siku ya kuondoka aliinuka akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili akanishukuru, na kijana wake mkubwa akasimama nyuma yake akiangalia pembeni. Nadhani ningevumilia zaidi kama kijana angenitukana. Nilirudi ndani nikaandika barua ya kuomba uhamisho kwenda Iringa, nyumbani.

Mkunga hakuomba uhamisho, aliacha kazi. Siku nilipokwenda Mbeya kufuatilia barua yangu nilishuka Uyole kumwona, nikamkuta sokoni akiuza vitenge. Kibanda chake alikuwa amekiweka mgongo ukutani, kwenye ghala la mbolea, mahali ambapo wateja hawapiti sana, ila hakuna anayeweza kutokea nyuma yake. Hakuwa mcheshi tena. Alikunja vitenge huku anazungumza, akavikunjua, akavikunja tena.

"Dada, mimi kule nilifika mahali nikawa naomba watu wasiugue," akaniambia. "Si kwa kuwahurumia. Naomba wasiugue ili wasije."

Nikamwambia hata mimi.

"Basi nenda kwenu. Kwa mama yako utapona. Mimi mama sina."

Uhamisho ulipokubaliwa nilikwenda Kihesa na mabegi yangu na imani hiyo. Nilifika mchana, nikakuta jiwe liko mahali pake, mlango wazi, na sauti za wanawake jikoni wanapukuchua mahindi. Mama akaja mbio na mikono yenye vumbi la pumba, akanikumbatia, akasema nimekonda. Jirani wa maharage akapokea begi. Niliketi nao kwenye mkeka. Badala ya furaha nilihisi mgongo wangu wote unawasha, kwa sababu nilikuwa nimekaa nimeupa mlango mgongo, na watu walikuwa wanaingia.

Nikahamia upande wa pili wa mkeka. Hakuna aliyejua kwa nini.

Nilijitahidi, nisije nikaonekana sikujitahidi. Kazini, mjini, kulikuwa na walinzi na geti, nikawa afadhali kidogo. Nyumbani ndiko nilikoshindwa. Kila "kamwene" iliyotokea nyuma yangu ilinitoa roho. Siku moja jirani aliingia na ungo wake kuomba unga, akaniwekea mkono begani, nami nikapiga ukelele na kumsukuma, akagonga kabati. Alicheka, mama akacheka, wakasema nesi wetu mjini kumemharibu. Nilikwenda chumbani nikalia kwa hasira. Niliwakasirikia wao kwa kucheka, nikajikasirikia mimi, na zaidi ya wote nilimkasirikia mama, na ule mlango wake. Nilimwona kama mtoto anayecheza katikati ya barabara kuu. Siku akija mtu na blanketi, nilijiambia, mama yangu atawakimbilia na chai.

Hicho ndicho nilichokuwa nakiogopa. Hofu juu yangu mwenyewe nilikuwa nimeshaizoea. Nilikuwa naogopa siku ambayo atawakaribisha.

Nikamwita fundi. Akaweka grili mbele ya mlango, kitasa kipya, na komeo ndani. Mama alisimama uani na kanga yake begani, akiangalia cheche za kuchomelea.

"Sasa mwanangu, unawafungia wezi au unanifungia mimi?"

"Nakulinda, mama."

"Na nani?"

Ndipo nikamweleza. Siku ya tukio nilikuwa nimempigia simu nikamwambia tumeibiwa, nipo salama, basi. Sasa nilimkalisha nikamsimulia kila kitu, blanketi, kitenge, kutetemeka, raba na kamba zake, na panga chini ya sikio. Nilitaka aogope kidogo, kiasi cha kufunga mlango tu. Nikamfundisha kama ninavyowafundisha wanafunzi wodini. Mtu akija, usifungue. Uliza nani. Sauti isikudanganye, hata kilio kisikudanganye. Mwambie asogee kwenye ngazi, umwone miguu kwanza.

"Hata jirani?"

"Yeyote."

Alinisikiliza bila kunikatiza. Alipapasa shingo yangu, pale chini ya sikio, kama anatafuta alama. Hakukuwa na alama. Kisha akaenda jikoni akapika, na chakula kile alikitia chumvi mara mbili.

Mwanzoni alifanya kama mchezo. Jirani akija anaita kupitia grili, "Onyesha miguu!" na jirani anainua gauni anacheza kidogo, wanacheka. Lakini mchezo unachosha. Jirani ana maharage yake motoni, hana muda wa kusimama ngazini akingojea funguo zitafutwe. Wanawake wa mahindi wakaanza kupukuchulia kwa mwingine. Jumuiya ikasali kwetu Jumamosi moja au mbili, wazee wakisubiri nje kwenye baridi huku mama anahangaika na kitasa kigumu, halafu mwenyekiti akasema kwa upole kwamba ingefaa kubadilishana nyumba. Hawakurudi kwetu. Walisema zamu yetu itafika tena.

Mama akabaki peke yake ndani ya grili, na mtu aliyebaki peke yake husikia mengi. Alianza kunipigia simu kazini. Kuna mtu amepita mara ya pili. Kuna pikipiki imesimama. Kuna wanaume wanazungumza nje. Walikuwa mafundi wa umeme, lakini hata nilipomwambia hivyo, niliisikia pumzi yake kwenye simu, nikaitambua. Ilikuwa pumzi yangu. Mwanamke huyu alilea watoto mlango wazi, alimzika mume wake mlango wazi, na aliwahi kuwakaribisha uji wapita njia ambao hakuwajua hata majina. Sasa mapazia yalikuwa yanafungwa saa nane mchana.

Siku moja jirani wa maharage alikuja kurudisha ungo wa mama. Mimi nilikuwa nimelala baada ya zamu, nikaamshwa na sauti zao.

"Kamwene. Nimeleta ungo."

"Uweke hapo chini."

"Nifungulie basi nikusalimie."

"Uweke hapo."

"Hata mimi?" jirani akauliza, na sauti yake haikuwa ya utani.

Nilisikia ungo ukiwekwa sakafuni na ndala zikishuka ngazi. Nilipotoka chumbani nilimkuta mama amesimama nyuma ya pazia, ameshika komeo kwa mikono miwili, analia bila sauti. Nilimwuliza kwa nini hakumfungulia rafiki yake wa miaka yote. Akasema, "Nilitaka. Mikono imekataa."

Mimi, nesi mzima, ningemwambia nini? Afumbe macho avute pumzi?

Siku iliyofuata, asubuhi, nililitafuta jiwe. Lilikuwa nyuma ya banda la kuku, limeota kuvu. Nikaliosha, nikafungua kitasa, nikafungua grili, nikasukuma mlango mpaka ukutani, na nikalisukuma jiwe kwa mguu wangu chini ya ubao. Upepo ukaingia. Nikaketi kwenye kiti nikitazama barabara, meno yamekazwa, jasho linanitiririka kwapani, nikasema leo nitakaa hapa mpaka izoeleke. Mama akatoka jikoni na kikombe chake. Alisimama akautazama mlango. Aliweka kikombe mezani, akaenda, akainama kwa shida, akaliondoa jiwe kwa mkono, akafunga grili, akafunga mlango, akageuza ufunguo, akapitisha komeo. Alifanya yote kwa mpangilio ule ule niliomfundisha. Kisha akachukua chai yake, akarudi jikoni. Nami, Mungu anisamehe, nilishusha pumzi.

Mtu atasema mama anazeeka, anaanza kusahau. Hasahau kitu. Anakumbuka siku ya kuzaliwa ya kila mjukuu na deni la kila mtu kwenye kikundi chao cha kina mama.

Juzi nilirudi kutoka kazini mchana, mvua inanyesha, nimeloa mpaka ndani. Ufunguo wangu nilikuwa nimeusahau kwenye kabati la wodini. Nikagonga.

"Nani?"

"Mimi, mama."

Pazia likasogea kidogo. Nililiona jicho lake.

"Sogea kwenye ngazi," akasema.

"Mama, ni mimi. Nimeloa."

"Najua ni wewe. Sauti naijua. Wewe ndiye uliyesema yeyote."

Nikarudi nyuma mpaka kwenye ngazi, mvua ikinipiga kichwani, nikainua sketi ya sare ili aone. Nilikuwa nimevaa viatu vyangu vyeupe vya kazini. Upande wa chini wa njia, mlangoni kwake, jirani wa maharage alikuwa amesimama na ufagio. Hakunisalimia, wala mimi sikumsalimia. Mama aliniangalia miguu kwa muda mrefu sana.

"Umefunga kamba," akasema hatimaye, na sauti yake ilitetemeka. "Vua."

Nikainama. Kamba zilikuwa zimelowa na vidole vyangu vina baridi, kwa hiyo mafundo yalichelewa kufunguka. Nikavua kimoja, nikavua cha pili, nikavipanga kwenye ngazi, nikasimama miguu mitupu kwenye saruji yenye maji, nikasubiri anifungulie.